Kuchagua boila mpya kwa nyumba uliyonunua Uingereza

Nyumba tuliyoinunua katika mji wa Reading, katika mtaa wa nyumba za matofali mekundu zilizoungana, ilikuwa na boila nyeupe, ile mashine ya gesi inayopasha maji ya bombani na ya radieta, ndani ya kabati la jikoni, juu kidogo ya sinki. Siku ya pili baada ya kukabidhiwa funguo, mshale wa kipimo cha presha ulikuwa umelala kwenye sifuri na radieta zote, yaani yale mabamba ya ukutani yanayopasha vyumba joto, zilikuwa baridi. Ilikuwa mwezi wa Oktoba na watoto walikuwa wamevaa makoti sebuleni. Fundi wa kwanza tuliyemwita, aliyetoka katika kampuni moja ya hapo mjini, hakufikisha dakika kumi. Alisema boila imekufa, akaandika bei ya boila mpya ya kilowati 35, akatuhimiza tutie sahihi jioni ileile. Hatukutia. Fundi wa pili alifungua kifuniko, akapima, akaeleza kwamba tungi la upanuzi, yaani kile chombo kinachopokea maji yanapotanuka kwa joto, lilikuwa limeishiwa hewa. Alilijaza kwa pampu ya mguu, akaongeza maji mpaka mshale ukasimama juu kidogo ya bar 1, na boila ile ikatuvusha majira mawili ya baridi.

Kisa hicho kinabeba makosa mawili yanayowagharimu sana wanaonunua nyumba Uingereza kwa mara ya kwanza, na miongoni mwao tumo wengi tuliokulia mahali ambapo nyumba haihitaji kupashwa joto. Kosa la kwanza ni kubadilisha boila kabla ya kujua inaumwa nini. La pili ni kukubali ukubwa unaotajwa na muuzaji bila kipimo chochote kilichochukuliwa ndani ya nyumba yenyewe. Boila inayoifaa nyumba yako haipatikani kwa kutazama jina lililoandikwa usoni pake, wala kwa kuchukua kubwa kuliko zote ili moyo utulie. Hupatikana kwa vipimo viwili, kipimo cha maji yanayoingia kutoka barabarani na kipimo cha joto linalopotea kupitia kuta, na vyote viwili mwenye nyumba anaweza kuvichukua mwenyewe akiwa na ndoo, simu na mita ya gesi.

Kabla ya kuamua kubadilisha

Kama bado uko katika hatua za ununuzi, mwombe wakili wako akuoneshe majibu ya muuzaji katika fomu ya TA6, inayotumika England na Wales. Humo muuzaji huulizwa mfumo wa kupasha joto uliwekwa lini, na kama uliwekwa baada ya tarehe 1 Aprili 2005 hutakiwa kutoa cheti chake. Omba pia kumbukumbu za huduma za kila mwaka. Usitegemee ripoti ya mkaguzi wa nyumba peke yake, kwa kuwa kwa kawaida mkaguzi huitazama boila kwa macho tu na hana kazi ya kuifungua wala kuijaribu. Mimi sikuliomba lolote kati ya hayo kwa wakati, na nilikuja kuujua umri wa boila yetu kwa kusoma kibati kilichobandikwa chini yake na kumuuliza mtengenezaji maana ya namba zake.

Boila ikigoma, jua kwamba maradhi mengi yanatibika. Presha inayoshuka kila wiki inaweza kuwa tungi la upanuzi, vali ya usalama inayovuja nje ya ukuta, au radieta inayotokwa na maji polepole chini ya zulia. Maji ya bombani yakiwa vuguvugu huku radieta zikichemka, shuku ile vali inayogeuza njia ya maji kati ya radieta na mabomba. Pampu, feni na hata bodi ya umeme hubadilishwa bila kugusa boila iliyobaki. Kubadilisha boila nzima kuna mantiki pale ambapo kibadilisha joto chenyewe, yaani kile kinachohamisha joto la moto kwenda kwenye maji, kimetoboka, au vipuri vimeacha kutengenezwa, au fundi mwenye sifa ameiwekea lebo ya hatari, au boila ni ya kizazi cha zamani kisichovuna joto la moshi. Zipo bado nyumba zenye boila iliyofichwa nyuma ya jiko la gesi la sebuleni, ndani ya dohani ya zamani. Ukiikuta hiyo, panga kuiondoa, na utenge fedha za kubadilisha njia za mabomba pia, kwa sababu boila mpya haitakaa mahali pale.

Jambo moja halingoji uchunguzi. Ukisikia harufu ya gesi, au kengele ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, ikilia, zima gesi kwenye mita, fungua madirisha, toka nje na watoto, kisha piga simu ya dharura ya gesi, 0800 111 999. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu vinavyopungua ukitoka nje, na watu huzidhania mafua.

Aina za boila, kwa ufupi

Kombi hupasha maji papo hapo unapofungua bomba, haina tangi, na ndiyo inayofungwa zaidi katika nyumba za kawaida. Boila ya sistemu hupasha maji na kuyahifadhi katika tangi lililofungwa, ambalo kwa familia ya watu wanne huwa la lita 150 hadi 210, na maji hutoka kwa nguvu ya bomba la barabarani. Boila ya kawaida, ile ya zamani, hutumia tangi la maji ya moto pamoja na matangi ya maji baridi darini.

Swali linalotenganisha kombi na boila ya tangi ni hili: watu wangapi watatumia maji ya moto kwa wakati mmoja? Kombi moja huhudumia bomba moja la mvua, yaani la kuogea, vizuri. Ukifungua la pili, maji yaleyale hugawanyika mara mbili. Fikiria nyumba yako jinsi inavyoishi kwa kweli. Kwetu asubuhi ya Idi watu sita huoga ndani ya saa moja, lakini bafu ni moja tu, kwa hiyo wanafuatana, na kombi haichoki kwa kufuatana. Haiishiwi maji kama tangi. Rafiki yetu mwenye mabafu mawili na watoto wanne wa sekondari yuko katika hali tofauti kabisa. Yeye anahitaji tangi, na fundi wa kulifunga lazima awe na sifa ya ziada ya kazi ya matangi yaliyofungwa, inayoitwa G3, kwa sababu tangi la namna hiyo lina presha ndani yake na likifungwa vibaya ni hatari.

Ndoo na saa ya simu

Chukua ndoo ambayo una hakika inabeba lita 10. Kama huna hakika, ijaze kwa chupa za lita mbili na uweke alama kwa kalamu ya wino. Hakikisha vali kuu ya maji ya nyumba imefunguliwa hadi mwisho, kwa maana katika nyumba iliyokaa tupu mara nyingi imefunguliwa nusu. Kisha fungua bomba la maji baridi la jikoni kwa nguvu zote, anza saa ya simu, na uangalie ndoo inajaa kwa sekunde ngapi. Bomba la jikoni likiwa na kichujio kidogo mdomoni, kifungue kwanza, au tumia bomba la bustani. Gawanya 600 kwa idadi ya sekunde, nawe utapata lita kwa dakika. Kwetu ndoo ilijaa kwa sekunde 54, yaani lita 11 kwa dakika. Rudia kipimo asubuhi, saa ambayo mtaa mzima unaamka, kwa kuwa katika nyumba zilizoungana mara nyingi bomba moja la zamani hulisha nyumba mbili au tatu.

Sasa weka namba hiyo karibu na kilowati. Watengenezaji hutaja uwezo wa kombi kwa maji yaliyopandishwa nyuzijoto 35, na kupandisha lita moja kwa dakika kiasi hicho hudai takribani kilowati 2.4. Kwa hesabu hiyo kombi ya kilowati 24 hutoa karibu lita 10 kwa dakika, ya kilowati 30 hutoa lita 12, na ya kilowati 35 hutoa lita 14. Barabara inaniletea lita 11. Ile boila ya kilowati 35 niliyoandikiwa siku ya kwanza ingekuwa na uwezo wa kupasha lita tatu ambazo haziji kabisa nyumbani kwangu, nami ningeulipia uwezo huo miaka yote. Tulichukua ya kilowati 28, inayotoa lita 11 na ushei, na bomba la mvua linalotumia lita 8 hadi 10 linatosheka nayo hata Januari.

Ukipata lita saba au nane tu kwa dakika, usikimbilie boila. Tatizo liko kwenye bomba la kuingilia, na huenda hata ni la madini ya risasi kama nyumba ni ya zamani. Zungumza kwanza na kampuni ya maji ya eneo lako, kwa kuwa kombi yoyote utakayofunga itakuwa na maji yaleyale.

Tazama pia birika lako. Likishika ukoko mweupe ndani ya wiki chache, maji yako yana chokaa, kama yalivyo ya London na sehemu kubwa ya kusini-mashariki mwa England. Ukoko huohuo hujenga ndani ya kibadilisha joto cha kombi, ukipunguza maji na joto mwaka hadi mwaka. Katika maeneo hayo ninashauri kifaa cha kulainisha maji au angalau kichujio cha kuzuia chokaa kwenye bomba linaloingia katika boila. Ukiishi Manchester au Glasgow, ambako maji ni laini, hifadhi fedha hizo.

Mita ya gesi inajua zaidi kuliko muuzaji

Kilowati za maji ya moto ni upande mmoja tu. Kupasha radieta ni hesabu nyingine, na wengi hushangaa kwamba ni ndogo mno kuliko ile ya maji. Nyumba ya vyumba vitatu ya kawaida, yenye madirisha ya vioo viwili na sufi ya kuzuia joto lisipotee darini, mara nyingi inahitaji kilowati 6 hadi 8 katika siku ya baridi kali. Ya kwetu, iliyobanwa na majirani pande mbili, inahitaji pungufu ya hapo.

Nilijuaje? Siku moja ya Januari ambayo nje palikuwa sifuri mchana na usiku, niliacha mfumo uwake kwa kudumu, ndani kukiwa nyuzijoto 20, na sikuruhusu mtu kuoga kwa boila hadi kesho yake, jambo ambalo halikupendwa. Nilisoma mita saa mbili asubuhi na tena saa mbili asubuhi iliyofuata. Ilikuwa imetembea mita za ujazo 11. Kila mita ya ujazo ya gesi ina takribani kilowati-saa 11, kwa hiyo tulichoma kilowati-saa 120 hivi. Boila yetu ya zamani ilikuwa ikitupa sehemu ya joto nje, hivyo nilihesabu asilimia 85 kuwa ndiyo iliyoingia ndani, yaani kilowati-saa 102. Gawanya kwa saa 24, unapata kilowati 4.25. Nikiipandisha kidogo kwa ajili ya siku ambayo nje ni nyuzijoto 3 chini ya sifuri, napata karibu kilowati 5. Hiyo ndiyo njaa ya nyumba nzima katika siku mbaya. Kama mita yako ni ya kisasa yenye kioo cha kuoneshea matumizi, itakupa kilowati-saa moja kwa moja na utaruka hatua moja ya hesabu.

Namba hiyo inakufundisha swali ambalo wauzaji hawalitarajii: boila hii inaweza kujishusha mpaka kilowati ngapi? Kila boila ya kisasa hupandisha na kupunguza moto wake, lakini ina sakafu yake. Kama sakafu ni kilowati 7 na nyumba yako mwezi wa Aprili inahitaji 2, boila itawaka dakika chache, itazimika, itawaka tena, kutwa nzima, ikipoteza gesi na kuchosha vipuri. Tafuta inayoweza kushuka hadi kilowati 3 au chini yake. Kisha mwombe fundi aweke kikomo cha juu cha upande wa radieta karibu na hitaji la nyumba, bila kugusa kikomo cha maji ya moto. Boila nyingi zinaruhusu, na ni kazi ya dakika chache kwenye menyu yake.

Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga mwezi wa Februari, chumba chake kilikataa kupata joto. Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba tumechukua boila ndogo, na nililala na wazo hilo usiku kucha. Asubuhi nilishika bomba linaloingia kwenye radieta ya chumba chake, na lilikuwa la moto sana. Boila ilikuwa ikileta joto. Radieta yenyewe, bamba moja jembamba lililofungwa na mwenye nyumba wa awali, ndiyo iliyoshindwa kulitoa. Tuliibadilisha kwa yenye mabamba mawili na mapezi katikati, na Mama akavua koti. Kwa hiyo kabla ya kununua boila, pita chumba hadi chumba, uandike urefu na kimo cha kila radieta na kama ni ya bamba moja au mawili, na umwombe fundi alinganishe na hitaji la kila chumba. Radieta kubwa kidogo ina faida nyingine ninayoieleza hapo chini.

Joto linalovunwa kwenye moshi

Tangu Aprili 2005 boila za gesi zinazofungwa katika nyumba za England zimetakiwa, isipokuwa kwa sababu maalumu, ziwe za aina inayoupoza moshi mpaka mvuke uliomo ugeuke kuwa maji, ili joto la mvuke huo lirudi kwenye radieta. Tangu Aprili 2018, kanuni zinazoitwa Boiler Plus ziliongeza kiwango cha ufanisi cha asilimia 92, saa na themostati kwa kila boila, na kwa kombi kifaa kimoja cha ziada miongoni mwa vinne, kama vile kidhibiti kinachofuata hali ya hewa ya nje au kinachopunguza moto kadiri chumba kinavyokaribia joto uliloweka.

Lakini ufanisi ulioandikwa kwenye boksi haujileti wenyewe. Mvuke huanza kugeuka maji pale tu ambapo maji yanayorudi kutoka kwenye radieta yako chini ya nyuzijoto 55 hivi. Ukiacha boila ipeleke maji ya nyuzijoto 75 au 80, kama nyingi zilivyowekwa zinapofungwa, yatarudi yakiwa ya moto mno na sehemu kubwa ya joto hilo itatoka nje kama wingu jeupe ukutani. Ndiyo maana radieta kubwa ni mtaji: hukuruhusu kupeleka maji ya nyuzijoto 55 au 60 na chumba bado kikapata joto. Kati ya kidhibiti cha gharama kinachoongozwa na simu na kile rahisi kinachopunguza moto wa boila polepole, mimi ningechukua cha pili kila mara. Uulize kwa uwazi kama kidhibiti unachouziwa kinazungumza na boila hiyo kwa lugha yake, au kinaiwasha na kuizima tu kama swichi ya taa.

Yaliyoungana na boila

Bei nafuu kupita kiasi mara nyingi inaficha kazi iliyoachwa. Bomba la gesi ni la kwanza. Katika nyumba nyingi za zamani ni la milimita 15 kutoka kwenye mita hadi kwenye boila, na kombi mpya yenye kilowati nyingi inaweza kuhitaji la milimita 22 kwa sehemu ya njia, kwa sababu presha ya gesi haipaswi kushuka zaidi ya milibari 1 njiani. Fundi asiyeuliza mita iko wapi hajakadiria kazi hiyo.

Maji yanayotokana na moshi huhitaji njia ya kutokea. Yakielekezwa kwenye bomba la maji machafu la jikoni, ndani ya nyumba, hayana shida. Yakipitishwa nje kwenye kibomba chembamba, huganda usiku wa baridi kali na boila huzimika kesho yake asubuhi, kama ilivyowapata watu wengi nchini humo Desemba 2010. Ikilazimu kupita nje, bomba liwe na kipenyo kisichopungua milimita 32, liwe fupi, la mteremko, na lifunikwe.

Dohani ya boila, yaani bomba la kutolea moshi, haiwezi kutokea popote. Mdomo wake uwe mbali na dirisha linalofunguka, kwa kawaida milimita 300 au zaidi, na usimpulizie jirani. Kwa mwenye fleti, ukuta wa nje huenda si wake kisheria, kwa hiyo ruhusa ya mwenye jengo iombwe kwa maandishi kabla ya kulipa chochote.

Tena kuna tope. Maji yaliyozunguka katika radieta za chuma kwa miaka ishirini huwa meusi kama wino kwa kutu. Tulipofungua kibomba cha kutolea maji cha radieta ya ukumbini, matone yake yaliacha doa kwenye taulo ambalo halijatoka mpaka leo. Tope hilo likiingia kwenye boila mpya litaziba kibadilisha joto mapema, na mtengenezaji anaweza kukataa dhamana. Kwa hiyo makadirio ya bei yaandike bayana: kusafisha mfumo mzima, kutia dawa ya kuzuia kutu, na kufunga chujio la sumaku kwenye bomba linalorudi. Hivi si vya hiari, hata ikiwa vinaongezwa kwenye bei kama zawadi.

Pampu ya joto

Kabla ya kutia sahihi ya boila ya gesi, omba angalau makadirio moja ya pampu ya joto, ile inayovuta joto kutoka kwenye hewa ya nje. England na Wales ziko katika mpango wa serikali unaotoa ruzuku ya pauni 7,500, ambayo fundi aliyesajiliwa na MCS, mpango wa kuthibitisha mafundi wa kazi hizo, huiomba kwa niaba yako, na kodi ya ongezeko la thamani juu ya kazi hiyo ni sifuri hadi Machi 2027. Uskoti ina mpango wake. Nyumba iliyozibwa vizuri, yenye radieta kubwa, nafasi ya tangi ndani na ya mashine nje, inaifaa sana. Sisi hatukuwa na pa kuweka tangi. Hata hivyo, mabomba na radieta tulizochagua zitaifaa siku nafasi ikipatikana.

Fundi, karatasi na malipo

Kisheria, kazi ya gesi Uingereza hufanywa na aliye kwenye rejista ya Gas Safe tu, iliyochukua nafasi ya rejista ya zamani ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009 katika England, Wales na Uskoti. Mwombe fundi kitambulisho chake kabla hajafungua kisanduku cha zana. Mbele kina picha, namba na tarehe ya mwisho. Nyuma kina orodha ya kazi anazoruhusiwa, na boila lazima iwemo. Namba hiyo unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya rejista ukiwa umesimama naye mlangoni, na fundi wa kweli hachukizwi. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu katika jumuiya zetu tunapenda kumpa kazi ndugu au mtu wa nyumbani, na ni vizuri, lakini undugu hauthibitishi kwamba dohani imekazwa.

Chukua makadirio matatu yaliyoandikwa, kila moja likitaja aina kamili ya boila, kilowati, kidhibiti, usafishaji wa mfumo, bomba la gesi, na uondoaji wa boila kuukuu. Aliyekuja nyumbani, akapima radieta na kuuliza idadi ya watu, mpe uzito kuliko aliyekadiria kwa simu. Kuhamisha boila kutoka mahali ilipo huongeza gharama nyingi, kwa hiyo fikiria kama kabati la jikoni unalolitaka lina thamani hiyo. Ukiweza, fanya kazi hii Juni au Julai, wakati mafundi hawana foleni na wewe unaweza kusubiri. Lipa walau sehemu ya fedha kwa kadi ya mkopo: kwa bidhaa au kazi ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000, sheria ya mikopo ya mwaka 1974 huifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji endapo kampuni itavunja mkataba au kufilisika.

Dhamana hutofautiana kuanzia miaka michache hadi kumi au zaidi, hata kwa boila za mtengenezaji mmoja, kutegemea aina na aliyeifunga. Soma masharti mawili: isajiliwe ndani ya muda uliotajwa, mara nyingi siku 30, na ifanyiwe huduma kila mwaka. Huduma moja ikikosekana, dhamana huweza kufa.

Siku ya kukabidhiwa, usimwache fundi aondoke kabla hujafungua bomba la mvua pamoja naye na kuhesabu ndoo kwa mara nyingine, safari hii kwa maji ya moto. Mwombe akuoneshe namna ya kuongeza presha, ilipo vali ya kuzima gesi, na menyu ya joto la maji yanayokwenda kwenye radieta. Kwa kombi, liweke nyuzijoto 60 au chini na ulishushe kidogo kidogo wiki zinazofuata mpaka uone chumba kimoja kinaanza kulalamika, kisha upandishe hatua moja. Kwa boila yenye tangi, maji ndani ya tangi yabaki nyuzijoto 60, kwa kuwa chini ya hapo bakteria wa legionela wanaweza kustawi. Kengele ya kaboni monoksaidi iwe imefungwa katika chumba chenye boila. England imeitaka tangu Oktoba 2022 kila boila mpya inapowekwa. Kitabu cha boila kijazwe na kutiwa sahihi mbele yako. Fundi ana siku 30 za kuitaarifu mamlaka kupitia Gas Safe, kisha cheti cha kanuni za ujenzi kitakujia. Kisipofika baada ya wiki sita, mpigie simu fundi, na akikwepa, iandikie rejista yenyewe. Cheti hicho ukiweke pamoja na hati za nyumba, kwa kuwa siku utakapouza, wakili wa mnunuzi atakuuliza swali lilelile lililo kwenye TA6.